Barua Mbili za Udaktari Mkononi: Uchague Vipi?

Kila mwaka, KUCCPS ikishatangaza nafasi za vyuo, kuna nyumba kuanzia Mtwapa hadi Marafa ambazo furaha yake huja na kazi. Mtoto amepata barua mbili za kusomea udaktari, na hawezi kuripoti kote kuwili. KUCCPS humpa kila mwanafunzi nafasi moja tu, kwa kupima pointi zake za klasta, ambazo ukomo wake ni 48, dhidi ya kozi alizojaza. Barua ya pili mara nyingi hutoka chuo binafsi cha humu nchini, au chuo cha Uganda au Tanzania alikoomba mwenyewe.

Nimekuwa nikizisoma barua hizi pamoja na wanafunzi na wazazi wa Malindi na Kilifi, na ninalowaambia halibadiliki: chuo cha udaktari ni hospitali yake. Huko ndiko kijana atakakojifunza kumpima mgonjwa, kumzalisha mama na kumshona majeruhi. Kwa hiyo atazame wodi kwanza, ukubwa wa jina la chuo uje baadaye.

Anza na Baraza

Kabla ya shilingi moja kutoka, mwanafunzi ahakikishe kwamba chuo kimeidhinishwa na KMPDC, Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno nchini. Baraza hukagua vyuo vinavyofundisha udaktari, na ndilo litakalompa au kumnyima leseni baadaye. Kibali cha chuo kizima hakitoshi. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa ualimu na biashara, huku kozi yake ya udaktari bado haijatambuliwa.

Kwa anayetazama nje ya mipaka, swali ni lile lile na lina uzito zaidi. Mkenya aliyesomea udaktari ng'ambo anaweza kutakiwa kufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuanza intanshipu. Aandike barua pepe KMPDC, ataje chuo na kozi, aulize masharti yanayomhusu, kisha aweke jibu hilo pamoja na vyeti vyake.

Uliza habari za wodi

Shahada ya udaktari na upasuaji huchukua miaka sita hapa Kenya, na sehemu kubwa ya miaka ya mwisho hupita hospitalini. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari mwaka 1967, na wanafunzi wake hujifunzia Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako wagonjwa wazito hutumwa kutoka pembe zote za nchi. Chuo Kikuu cha Moi kilipokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kikachukua mkondo wa kujifunza kwa kutatua visa vya wagonjwa katika vikundi vidogo. Pia huwapeleka wanafunzi vijijini na katika vituo vya afya kupitia mpango wa COBES. Maseno wana hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu. Ng'ambo ya mpaka kuna Makerere, iliyoanza kufundisha tiba mwaka 1924 na ambayo wanafunzi wake wako hospitali ya Mulago, na Muhimbili iliyoko Dar es Salaam.

Hospitali zote hizo ni kubwa, lakini mazoea yake hayafanani. Kijana atafute wanafunzi wa mwaka wa nne na wa tano, asitosheke na wa mwaka wa kwanza. Awaulize: kitanda kimoja huzungukwa na wanafunzi wangapi? Daktari bingwa huja mwenyewe kwenye raundi? Hosteli iko mbali kiasi gani na wodi, na usiku wa zamu mnarudije? Majibu ya watu watatu yana manufaa kuliko kijitabu chenye picha za kupendeza.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona hospitali inavyoweza kuwa darasa. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi ni jirani wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, kilichoanzishwa mwaka 1989. Chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zilifanyiwa majaribio huku kwetu pia. Anayekwenda kusoma bara aulize mapema iwapo chuo chake humruhusu kuja kufanya sehemu ya mafunzo katika hospitali ya nyumbani.

Piga hesabu ya miaka yote

Jioni moja huko Gongoni, familia moja ilitandika barua mbili juu ya mkeka. Ya kwanza ilikuwa ya chuo cha umma Bonde la Ufa, ya pili ya chuo binafsi nje ya nchi. Karo ya muhula ya ile ya pili ilionekana nafuu. Mjomba akafunua ukurasa wa nyuma, akasoma mstari kwa mstari: malipo ya maabara, ya mitihani, ya hosteli, ya mafunzo ya hospitalini, yote kwa dola. Walipozidisha kwa miaka yote na kuongeza nauli, unafuu ulikuwa umekwisha.

Tangu 2023, ufadhili wa serikali na mkopo wa HELB katika vyuo vya umma hupangwa kwa kutazama hali ya familia. Aliye chuo binafsi hapati ufadhili huo, ila anaweza kuomba mkopo. Basari za kaunti na za NG-CDF husaidia, lakini huombwa upya, na hakuna mwenye hakika ya kupata kila mwaka. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasiuze kiwanja ili kulipia mwaka wa kwanza, ilhali mwaka wa tatu haujapata mlipaji.

Intanshipu nayo iingizwe kwenye hesabu. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, uliodumu siku 56, ulitokana kwa sehemu kubwa na wahitimu waliokuwa wakisubiri kupangiwa hospitali, na mzozo wa malipo yao. Familia ijiandae kwa kipindi ambacho kijana ameshahitimu na bado hana mshahara.

Usiidharau njia ya karibu

Ikiwa hakuna barua kati ya hizo mbili inayolipika, stashahada ya afisa wa kliniki katika chuo cha tiba cha KMTC huchukua miaka mitatu, na kampasi ya Kilifi iko mlangoni. Chuo Kikuu cha Pwani hufundisha uuguzi papo hapo mjini. Zahanati nyingi za Ganze na Magarini husimama kwa juhudi za wauguzi na maafisa wa kliniki, na kuna wanaoanza huko kisha wakasomea shahada wakiwa na kipato chao.

Aliyekwisha kuamua ana mambo mawili ya kufanya wiki hiyo hiyo. Kwanza, akijulishe chuo uamuzi wake kwa njia iliyotajwa kwenye barua, kabla ya tarehe kupita. Pili, kama anataka kuhamia chuo kingine cha umma, afuatilie siku ambazo KUCCPS hufungua mlango wa uhamisho, kwani hufungwa upesi. Na anayekwenda Moi, kwenye baridi ya Eldoret, aongeze sweta mbili kwenye sanduku.