Somo: Tusilipie Kubeba Maji

Chama chenye kiwanda Chang'ombe, Temeke, kinapolipia gari la kupeleka tope dampo la Pugu Kinyamwezi, hakina budi kujiuliza: kinachobebwa ni nini? Tope lenye maji asilimia 98, katika kilo 1,000 lina kilo 20 tu za uchafu mkavu. Likikamuliwa hadi maji yawe asilimia 80, uzito wote hushuka kuwa kilo 100. Safari kumi huwa moja.

Kabla ya kukodi mashine, katibu apimishe sampuli, kisha alinganishe ada ya kukamua na akiba ya safari. Maji yaliyokamuliwa yasafishwe, yasimwagwe mtaroni. Tope lenye sumu halipelekwi dampo la kawaida: Sheria ya Mazingira ya 2004 yahusika.

Zoezi: Tope likibaki na maji asilimia 90, uzito utakuwa kilo ngapi?