MGONJWA WETU TUMKABIDHI KWA NANI?



Fungueni Injili ya Yohana, sura ya 19, mistari ya 26 na 27. Bwana wetu yu msalabani katika maumivu makali, na hata hivyo anafikiri ni nani atakayemtunza mama yake. Anamchagua mwanafunzi aliyesimama pale karibu, wala hamwachii mama yake mtu yeyote atakayetokea. Somo letu la mwezi huu latoka hapo. Mpendwa wetu anapopatwa na ugonjwa ambao waganga wamesema hautapona, tumkabidhi kwa nani?

Sisi tuandikao tulifundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu, na kila mwaka tuliwaambia wanachuo kwamba kuuliza si ujinga. Lakini ilipofika zamu yetu ya kuuliza, tulinyamaza. Dada yetu mkubwa alikuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Hospitali tuliyompeleka ilituambia, "Mrudisheni nyumbani, hakuna la kufanya zaidi." Tukashukuru, tukakodi gari, tukaenda. Kwa wiki 3 dada alilia usiku kucha, nasi mkononi tulikuwa na vidonge vya kuumwa kichwa tu. Baada ya maziko muuguzi mmoja alituuliza kwa nini hatukwenda hospitali ya wilaya ya jirani, ambako dawa ya maumivu hayo ilikuwapo. Hatukuwa na la kujibu.

Basi, tujue kwanza kwamba neno "hakuna la kufanya" si kweli. Ugonjwa ukikataa kupona, bado maumivu yanatulizwa, vidonda vinasafishwa, na hofu inapunguzwa. Kazi hii huitwa tiba shufaa, na mahali au kikundi kinachoifanya huitwa hospisi. Mama mmoja Mwingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha akasomea udaktari, alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili peke yake. Kuna maumivu ya moyo, ya mambo ya nyumbani yasiyokwisha, na ya roho. Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hapa Tanzania huduma hii imetolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika hospitali kadhaa za makanisa, kama vile Muheza na Selian. Mara nyingi hospisi kwetu si nyumba yenye vitanda. Ni wauguzi na watu wa kujitolea wanaomfuata mgonjwa kwake.

Sasa, kabla ya kumkabidhi mgonjwa, tuulize maswali haya matano.

1. Je, wanayo mofini? Hii ndiyo dawa ya maumivu makali ya kansa. Yaweza kutolewa kama dawa ya maji, mgonjwa akainywa kila baada ya saa 4 bila kungoja maumivu yarudi. Wengi huiogopa wakidhani itamfanya mgonjwa awe mlevi wa dawa au itamuua haraka. Ikitolewa kwa maumivu, kwa kipimo cha mganga, sivyo. Lakini hufunga choo, kwa hiyo mwuguzi mwema atatoa na dawa ya kulainisha choo bila kuombwa. Tuulize pia: ikiisha, tutaipata wapi, na ni nani atakayeiandika?

2. Je, watakuja nyumbani? Mara ngapi kwa wiki? Maumivu yakizidi saa 8 usiku, tumpigie simu nani? Asiye na jibu la usiku amejibu nusu tu.

3. Je, watatufundisha? Wauguzi huja na kuondoka, bali anayelala chumbani na mgonjwa ni binti au mkwe. Afundishwe kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo, kumsafisha kinywa, na kumwosha bila kumwumiza wala kumvunjia heshima.

4. Je, wanamsikiliza mgonjwa mwenyewe? Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Methali hiyo ni njema kwa uji, lakini hapa haitufai. Mgonjwa aulizwe anataka kulala wapi, anataka kuambiwa nini juu ya ugonjwa wake, na nani aitwe. Dada yetu alitaka kupatana na jirani waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Sisi tulimwambia apumzike kwanza.

5. Je, gharama ni kiasi gani, nasi tunaahidiwa nini? Ziko huduma zinazotolewa bure au kwa mchango mdogo. Atakayetuahidi kuponya kabisa, kisha akatutaka tuuze shamba au ng'ombe, tumkimbie. Watu wa hospisi wa kweli husema wazi wanachoweza na wasichoweza.

Na Padre je? Yakobo 5:14 yatuagiza kuwaita wazee wa kanisa waombe na kumpaka mgonjwa mafuta. Tuwaite mapema, angali na nguvu ya kusema nao na kupokea Komunyo. Lakini maombi hayachukui nafasi ya mofini, wala mofini haichukui nafasi ya maombi. Tukiona watu wa huduma wanamzuia Padre, au watu wa maombi wanaizuia dawa, tujue hapo hatujafika mahali pazuri.

Ndugu zetu, tusingoje mpaka mgonjwa ashindwe kumeza ndipo tuanze kutafuta. Siku ile waganga waseme hatapona, ndiyo siku ya kuuliza, "Nani atatusaidia kutuliza maumivu yake?" Andikeni maswali haya matano kwenye karatasi, mwende nayo hospitali. Msione haya kumsomea daktari. Sisi tuliona haya, na aliyelipa ni dada yetu.

Maswali ya kuzungumzia katika jumuiya na Umoja wa Mama:

1. Hospitali gani iliyo karibu nasi inatoa tiba shufaa? Nani ataenda kuuliza na kutuletea habari?

2. Katika mtaa wetu ni nani anayemwuguza mtu peke yake sasa? Tumpokee zamu usiku gani?

3. Kama ungekuwa wewe uliye kitandani, ungependa kuulizwa nini?