SOMO LA MANENO: « KUFUTA » MBELE YA SHERIA

Chini ya buletini yetu ya pointi kumeandikwa kwa Kifaransa ya kwamba karatasi ile haina thamani ikiwa « raturé » ao « surchargé ». Wengi tunasoma na kupita tu. Leo tuangalie maana yake.

1. Maana

Katika Kiswahili tunasema tu kufuta : tunafuta ubao, tunafuta kosa kwa mpira. Kifaransa kinapambanua :

- Effacer : kupangusa mpaka alama isionekane tena.
- Raturer : kupiga mstari juu ya neno.
- Surcharger : kuandika juu ya herufi ya kwanza, kama kugeuza 3 kuwa 8.
- Radier : kutosha jina ao jambo katika liste.

2. Matumizi

Tarehe 16 Machi 1803, wakati Ubelgiji ulikuwa chini ya Ufaransa, sheria ya manotere ilitoka. Notere ni mwandishi wa mikataba anayetambuliwa na Leta. Sheria ile ilimkataza kuandika neno juu ya lingine wala kuliingiza katikati ya mistari. Neno la kufutwa lipigwe mstari, hesabu ya maneno yaliyofutwa iandikwe pembeni ao mwisho, na ikubaliwe. Basi, mbele ya sheria, kufuta si kuficha. Lile lililofutwa linabaki likihesabika, na kila mtu anajua nani amekubali.

Vile vile tribinali ikitosha kesi katika liste yake, si kusema kesi imekufa. Kwa kawaida inaweza kurudishwa tena.

3. Fundisho

Yule anayekwangua 42 na kuandika 62, huyo hafuti. Anagushi. Kanuni ya makosa ya Congo, artikle 124 ya kitabu cha pili, inatoa kifungo cha miezi 6 mpaka miaka 5 kwa mwenye kugushi maandiko kwa nia ya kudanganya ao kuumiza mwingine. Miaka sita ya masomo inaweza kuharibika kwa alama moja ya biki.

Na kama kosa ni la aliyeandika buletini? Tusiiguse hata kidogo. Tuipeleke kwa prefe, yeye ndiye atatengeneza.

Maswali

1. Raturer na effacer vinaachana namna gani ?
2. Sababu gani maneno yaliyofutwa yanahesabiwa ?