SOMO: MTOTO ACHAGUE MASOMO GANI?

Mtoto akirudi na fomu ya kuchagua masomo, usitie sahihi kabla hujaisoma. Kwanza muulize: "Mwanangu, unataka kazi gani?" Kisha tazameni kazi hiyo inadai masomo yapi.

Huku mlimani watoto wengi wanataka udaktari. Wanaiona hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971. Basi mtoto anashika Baiolojia na kuiacha Fizikia, eti ni ngumu. Hapo njia imefungwa, na mwenyewe hajui! Chuo kikuu kinamtaka afaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia katika Kidato cha Sita, yote matatu. Hata mashine ya kupiga picha mifupa ni Fizikia hiyo hiyo.

Masomo matatu ya Kidato cha Tano huitwa tahasusi. Huandikwa kwa herufi za majina ya Kiingereza: P ni Fizikia, C ni Kemia, B ni Baiolojia, M ni Hisabati, G ni Jiografia. PCB ni njia ya udaktari. PCM ni ya uhandisi. CBG inafaa kwa misitu au kilimo, kama kazi ya wale wanaotafiti kahawa Lyamungo. Lakini CBG haina P, kwa hiyo haimfikishi mtu kwenye udaktari.

Wengine huacha Fizikia shauri ya kuchekwa. Erasto Mpemba alichekwa sana. Mwaka 1963 alikuwa Kidato cha Tatu, shule ya Magamba, Tanga. Wanafunzi walichemsha maziwa na sukari, wakayapoza, ndipo wakayatia kwenye friji wapate aiskrimu. Siku moja aliogopa kukosa nafasi, akayatia yangali moto. Jamani, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa baridi! Mwalimu akasema amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne. Wenzake wakamcheka tena. Osborne alikwenda kulipima jambo hilo Dar es Salaam, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisoma hapa kwetu Mweka, chuo cha wanyamapori. Kwa nini maji ya moto yawahi kuganda? Wataalamu wanabishana mpaka leo.

MASWALI
1. PCB ni masomo gani?
2. Mtoto wa CBG anakosa somo gani la udaktari?
3. Mtoto wako ameacha somo gani, na kwa sababu gani? Muulize leo jioni.