Jina Kubwa, Ulingo Mdogo: Vidokezo vya Kutazama Kachi Kamatanda

Spika imefungwa juu ya paa la gari dogo, sauti inakwaruza, na jina linalotangazwa unalijua. Umeliona kwenye televisheni, au ni la zama za baba yako, enzi za Zaire, mpiganaji Kelekele Lituka alipokuwa gumzo la mitaa. Sasa mtu wa namna hiyo anatoka Kinshasa, anashuka Lubumbashi, anakata kilomita kama 120 za barabara ya malori hadi Likasi, na Jumapili atapanda ulingoni Kamatanda, kwenye uwanja wa vumbi ambao siku nyingine ni wa mpira na mbuzi. Kachi, ambayo wenzetu wa pwani huiita mieleka, haidai zaidi ya hapo. Anayehitaji kujiandaa ni wewe mtazamaji.

1. Hakikisha jina kabla ya kutoa faranga

Kinyago hakina kitambulisho. Mimi mwenyewe niliwahi kulipa nikamwone bingwa aliyevuma, na aliyetokea nyuma ya turubai alikuwa na miguu ya korongo, wakati jitu nililolijua miguu yake ni vinu viwili. Nikamwuliza mzee aliyekaa karibu nami: "Yaya, njo yeye ule?" Akajibu bila kugeuka: "Njo kinyago yake."

Usidhani ni ujanja wa huku kwetu tu. Mwaka 1996, wanamieleka Kevin Nash na Scott Hall walipoihama WWF ya Marekani, kampuni hiyo iliwapandisha ulingoni watu wengine kwa majina yaleyale, Diesel na Razor Ramon, na mavazi yaleyale, kama vile watazamaji hawana macho. Diesel wa bandia alikuwa Glenn Jacobs, ambaye baadaye aliwatisha watu kwa jina la Kane na mwaka 2018 akachaguliwa kuwa meya wa Kaunti ya Knox, huko Tennessee. Bandia naye ana kesho yake. Lakini faranga zako ni za leo, kwa hiyo uliza nani anamleta, uliza kama ataonekana barabarani kabla ya pambano, na ukijibiwa kwa mafumbo, nunua mikate ya faranga hizo ukale na watoto.

2. Msafara ni bure, na mara nyingi unashinda pambano

Kabla ya kupigana wanazunguka mtaani. Mmoja amesimama juu ya gari, mwingine anatembea kwa miguu na mnyororo shingoni, tarumbeta na ngoma nyuma yao, na watoto wa mtaa mzima wamekatiza kazi walizotumwa. Hapo ndipo utamwona mwenye jina katika mwanga wa mchana, bila kamba wala refa, akiwakodolea macho akina mama wauza makala, yaani makaa, nao wakimcheka. Ukiwa huna pesa ya tiketi, umeshaona nusu ya mchezo.

3. Saa nane maana yake saa kumi

Ikitangazwa saa nane, kula bukari yako, ugali wa huku, taratibu. Kuna ibada za Jumapili ambazo hazijaisha, kuna kamba ya ulingo iliyosahaulika mtaa wa Kikula, na kuna mwenye jenereta anayedai malipo kwanza. Lakini usichelewe kupita kiasi, kwa sababu giza likiingia na umeme ukikatika, pambano la mwisho, lile ulilolilipia, litapiganwa kwa taa za pikipiki. (Nimeona hivyo. Si vibaya, ila kila pigo linatua kivulini.)

Kuanzia Novemba hadi Aprili tazama mawingu. Juni na Julai beba koti, kwani baridi ya usiku wa huku inamshangaza kila mgeni wa Kinshasa, na utawaona wenye vinyago wakitetemeka kwa sababu isiyohusiana na uchawi wa mpinzani.

4. Kaa karibu na pembe, usikae mstari wa kwanza

Mstari wa kwanza ni mahali pa kuangukiwa. Katika ulingo mdogo hakuna uzio, na jitu la kilo mia likitupwa nje ya kamba halichagui kiti. Mstari wa pili au wa tatu, upande wa pembe, ndio mahali pa mtu anayejua mambo.

Kutoka hapo utaona ulingo ulivyo: mbao juu ya fremu, sponji au godoro jembamba, na turubai juu yake. Ule mshindo unaosikika hadi relini ni mbao tupu chini ya mgongo wa mtu. Na utasikia yasiyofika kwenye televisheni. Siku moja nilikaa karibu hata nikaona mkono wa jitu, wakati limemkaba kijana shingo na uwanja mzima unapiga mayowe, ukimfinya kijana kiganja polepole, mara moja. Kijana akafinya naye. Ndiyo lugha yao: uko sawa? Niko sawa. Kisha likamwinua na kumbwaga tena.

5. Mtazame kijana wa hapa

Hiki ndicho kidokezo ninachokupa kwa moyo wote. Jina kubwa huuza tiketi, lakini kazi kubwa hufanywa na mwenzake.

Fikiria hali ilivyo. Mwenye jina ana umri. Magoti yake yameshatoa yote yaliyokuwamo, amelala vibaya njiani, na kesho kutwa ana pambano mji mwingine. Hawezi kurukaruka kama zamani na hana haja, kwani watu wamekuja kumwona alivyo. Anayepaswa kumfanya aonekane bado ni simba ni kijana wa Likasi ambaye jina lake kwenye bango limeandikwa kwa herufi za mchwa. Wiki nzima kijana huyo amekuwa shimoni na wachimbaji wadogo, au akisukuma baiskeli yenye magunia ya makala. Jumapili anavaa kaptula ya kung'aa iliyoshonwa na dada yake na kwenda kubwagwa.

Tazama miguu yake anapoinuliwa: anaruka mwenyewe, kwa wakati uleule mwenzake anapovuta. Mtu wa kilo tisini hanyanyuki kama hataki kunyanyuka. Tazama anavyotua: mgongo wote kwa pamoja, kidevu kimebanwa kifuani ili kisogo kisiguse mbao, viganja vinapiga chini kugawa uzito, pumzi inatoka kabla ya kugonga. Akikosea kimoja kati ya hivyo, anatolewa kwa machela, kama machela ipo. Na lile kofi la kifua linalolia uwanja mzima halina ujanja wowote. Ni kofi. Utaziona alama za vidole vitano zikivimba pale pale.

Basi mwenye jina akiinua mikono na uwanja ukimshangilia, mpigie makofi na yule aliyelala.

6. Dawa zipo, nazo zina mahali pake

Kachi ya Kongo ina mikondo miwili: ile ya kawaida, ya mabavu na mikato, na ile ya dawa, ambapo mtu anashindwa bila kuguswa. Edingwe Moto na Ngenge wa Kinshasa alijijengea jina kwa mkondo huo wa pili. Mpinzani anapulizwa unga na kuzimia, au anazungushwa kama pia kwa kuonyeshwa kidole tu. Wako wanaojifanya kumpasua mwenzao tumbo na kutafuna utumbo wake mbele ya watu. Wewe unajua soko la nyama liko wapi. Mtoto wa miaka mitano hajui, na usiku huo atalala kitandani kwako.

Kwa hiyo kama bango lina fuvu, mwache mdogo kwa shangazi. Na ukikaa na jirani anayeamini kila kitu, usimfafanulie. Yeye amelipa tiketi kama wewe na anafaidi kukuzidi.

7. Mkubwa akiuliza "ni kweli?"

Mwambie matokeo yamepangwa. Si siri: Februari 1989 kampuni ya Vince McMahon, WWF ileile, ililiambia Bunge la Seneti la jimbo la New Jersey kwamba mieleka ni burudani, ili isibanwe na sheria na ada za michezo ya mapigano. Baada ya kumwambia hivyo, mwonyeshe zile alama za vidole vitano.

8. Nunua picha, au lipa ile ya simu

Katika maonyesho madogo duniani kote mwenye jina hupewa kiasi walichopatana, kisha hujiongezea mwenyewe kwa kuuza picha na fulana mezani. Huku kwetu meza hiyo ni boneti ya gari, na picha ni ya simu yako. Usipige kwa wizi kutoka nyuma ya kichwa chake. Msalimie, "Baba, jambo," ongeza noti kidogo, upigwe picha ukiwa umekabwa shingo kama inavyostahili.

Jina kubwa si lazima liwe na mfuko mkubwa. Kuna mtu aliyewatisha watoto wa Marekani miaka ya 1980 kwa jina la Kamala, Jitu la Uganda: kinyago, mkuki, nyota zimechorwa mwilini. Alikuwa James Harris, mzaliwa wa Mississippi, na Uganda yake ilikuwa ya kubuniwa. Mwaka 1992 alipambana na nyota wa WWF, The Undertaker, uwanjani Wembley, mbele ya watu zaidi ya 75,000, na baadaye alilalamika kwamba malipo yake hayakukaribia ya mwenzake. Alipotoka ulingoni alirudi kuendesha malori, hadi kisukari kilipomnyang'anya miguu. Alifariki Agosti 2020. Kila ninapopishana na dereva mwenye mwili mkubwa kwenye barabara ya Kolwezi, namkumbuka.

Wala usimwonee huruma kila anayeshuka kwenye ulingo mdogo. Mwanamieleka Cody Rhodes aliondoka WWE (ndiyo WWF ya zamani) mwaka 2016, akatoa hadharani orodha ya watu aliotaka kupambana nao, akazunguka kumbi ndogo ndogo. Septemba 2018, yeye na wenzake walijaza ukumbi wa watu zaidi ya 10,000 karibu na Chicago kwa fedha zao, na Aprili 2024 alinyakua mkanda mkubwa wa WWE, kampuni ileile aliyoikimbia. Huenda huyo unayemwona Kamatanda naye yuko safarini tu.

9. Vijana wakitaka kuiga, wape tope

Jumapili jioni kila uchochoro utakuwa na mapambano. Saruji haisamehi. Huko Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling, kundi lililoanzishwa na Bumbash, mtu aliyekuwa akitafsiri mieleka ya Marekani kwa Kiganda, walichimba ulingo wa udongo laini, wakasimamisha miti kuwa nguzo, na tangu 2023 video zao zimeonwa na mamilioni hata ng'ambo. Udongo Likasi tunao wa kutosha. Msimu wa mvua hata maji ni bure.

10. Jumatatu

Mwenye jina atakuwa ameondoka na lori la alfajiri. Kijana wa kaptula ya kung'aa utakutana naye kwenye kona ya reli na baiskeli yake ya makala, watoto watatu nyuma wakimwita kwa jina la ulingoni, naye akijifanya hasikii huku akitabasamu. Msalimie kwa jina hilohilo. Ila usimpige begani, hasa la kushoto.