Tujifunze lugha ya taarifa: "hand over" ni kukabidhi, si kugawa

Ndugu wanakamati, taarifa zetu nyingi kwa wafadhili huandikwa kwa Kiingereza. Katika toleo hili tujifunze kitenzi kimoja kinachotukwaza mara kwa mara: "hand over".

Maana. "Hand" ni mkono. Neno dogo linalofuata ndilo hubadili maana:

- "Hand in": kuwasilisha, kwa mfano taarifa au fomu ofisini.
- "Hand out": kugawa kwa watu wengi. Mto Mkondoa ulipofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, waathirika waligawiwa misaada. Hiyo ni "hand out".
- "Hand over": kukabidhi kitu pamoja na wajibu wa kukitunza.

Matumizi. Kwa Kiswahili tunasema, "Kamati ya maji ilikabidhiwa jana," nasi tunaelewana. Lakini ukiandika "The water committee was handed over yesterday", mfadhili ataelewa kwamba kamati yenyewe ndiyo iliyokabidhiwa, kama mtuhumiwa anavyokabidhiwa polisi! Andika: "We handed over the pump to the water committee." Anayepokea hutanguliwa na "to". Ukitumia "it", iweke katikati: "We handed it over", si "We handed over it". Makabidhiano yenyewe ni "handover", neno moja.

Kwa nini tujali? Mfadhili akisoma "handed over", anaamini kwamba wenyeji sasa wana funguo, daftari la fedha na fundi, naye hufunga jalada. Kama tulikata utepe tu, pampu ikiharibika mwakani hakuna wa kuitengeneza, wala wa kumwomba. Kwa hiyo taarifa itaje aliyepokea, tarehe na vitu vilivyopokelewa, kama vilivyo katika hati ya makabidhiano. Kwa miradi ya maji vijijini, Sheria Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA, nayo inatambua vyombo vya kijamii vya kutoa huduma ya maji. Tuwashirikishe mapema.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Kilosa mjini, Mikumi na vijijini kwetu, ni mradi gani tuliandika kuwa "handed over" wakati funguo bado tunazo sisi?
2. Tafsiri: "Mweka hazina alikabidhiwa funguo."

Jibu la swali la 2: "The keys were handed over to the treasurer."