Kufundisha "Mjenzi" na "Makro" bila Kompyuta: Mfano wa Fomu ya Kuandikisha Mapacha

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanachuo anayejiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na ambaye huenda akatakiwa kueleza katika somo la TEHAMA jinsi programu ya kompyuta inavyoweza kukataa kosa kabla halijatendeka. Mada imetolewa katika lugha ya programu iitwayo Rust, ambayo aghalabu husomwa na wahandisi. Hata hivyo, kiini chake chaweza kufahamika kwa watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, mradi mwalimu aanzie kwenye jambo walijualo.

Jambo hilo ni upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa darasa la tano akisikia "kiti mzuri amevunjika" hucheka papo hapo. Hana haja ya kwenda kukitazama kiti chenyewe, kwa sababu ngeli ya nomino imekwisha kuamua viambishi vyote vinavyofuata, na sikio lake limeona kasoro. Lugha za programu za namna ya Rust hufanya vivyo hivyo. Kila kitu kina aina yake, na kuna programu iitwayo kompaila, ambayo kazi yake ni kuyageuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine. Kompaila huyasoma maandishi yote kwanza, na ikikuta aina zisizopatana hukataa kuendelea. Rust ilitolewa katika toleo lake la 1.0 tarehe 15 Mei 2015, na tangu Desemba 2022 imeingizwa hata katika kiini cha Linux, yaani programu ya chini kabisa inayoiendesha mashine. Huko chini kosa dogo huangusha kila kilichojengwa juu yake, na ndiyo maana watu wanaona afadhali wakataliwe mapema.

Sasa tuchukue mfano wa hapa kwetu. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, wawe wa kike au wa kiume. Mwalimu aliyehamia Mkula au Bariadi kutoka mkoa mwingine huletewa mabinti wawili wa Masanja ili awaandikishe. Tuseme programu ya shule inapokea habari zao kwa mfuatano, hivi:

andikisha("Kulwa", "Masanja", Jinsi::Kike, tarehe)

Mwalimu akisahau kwamba jina la mtoto hutangulia, ataandika "Masanja" kwanza na "Kulwa" baadaye. Kompaila haitasema neno, kwa kuwa yote mawili ni maandishi, nayo haijui nani baba na nani mtoto. Wala jina la Masanja Kulwa halina kasoro masikioni, maana mwanamume aitwaye Kulwa anaweza kabisa kuwa na mtoto aitwaye Masanja. Kosa la namna hii halijitokezi siku ya kuandikisha. Hujitokeza miaka kadhaa baadaye, mtoto anaposajiliwa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani, na jina lililo katika mfumo wa PReM haliwiani na lile la cheti cha kuzaliwa. Mzazi ndiye anayebeba gharama ya kurekebisha.

Dawa ya kwanza huitwa mjenzi. Badala ya kutoa habari zote kwa mkupuo, tunamjenga mwanafunzi hatua kwa hatua, na kila hatua inataja jina lake:

Mwanafunzi::mjenzi()
    .jina("Kulwa")
    .baba("Masanja")
    .jinsi(Jinsi::Kike)
    .kuzaliwa(tarehe)
    .jenga()

Hapa mpangilio si kitu. Mwalimu aweza kuanza na baba au na tarehe, na bado kila habari itakaa mahali pake. Lakini je, akiisahau tarehe ya kuzaliwa? Hapa pana njia mbili, na ni lazima mwanachuo azitofautishe vizuri, kwa sababu somo lote limesimama juu ya tofauti hiyo.

Katika njia ya kwanza, hatua ya mwisho, "jenga", huikagua fomu wakati programu inapokwenda, na ikikuta pengo hurudisha taarifa ya kosa. Huyo ni kiranja anayesimama mlangoni. Katika njia ya pili, fomu isiyo na tarehe huhesabiwa kuwa ni kitu cha aina nyingine kabisa, na aina hiyo haina hatua iitwayo "jenga". Hakuna wa kuikagua, kwa kuwa hakuna njia ya kuifikisha kwenye ukaguzi. Kompaila huikataa sentensi yenyewe kama sikio linavyokikataa "kiti mzuri". Miongoni mwa maktaba za Rust, ile iitwayo derive_builder hufuata njia ya kwanza, na typed-builder hufuata ya pili.

Ili watoto waione tofauti hiyo, mwalimu atayarishe ubao wa manila wenye matundu manne: pembetatu kwa jina, mraba kwa baba, duara kwa jinsi, na mstatili kwa tarehe ya kuzaliwa. Akate kadi nne zinazoingia barabara kila moja katika tundu lake tu. Kisha atengeneze muhuri wa kadibodi wenye meno manne kwa nyuma, ambao hushika pale tu kadi zote zinapokuwa zimekaa, kwa sababu kila kadi imetobolewa kitundu cha kupokea jino moja. Kundi la kwanza lipewe fomu ya karatasi ya kawaida na kiranja wa kukagua. Kundi la pili lipewe manila na muhuri bila kiranja yeyote. Baada ya dakika kumi mwalimu aulize: nani alilizuia kosa katika kundi la kwanza, na nani katika kundi la pili? Watoto wengi hujibu kwamba katika kundi la pili hakuna aliyelizuia, na hilo ndilo jibu analolitafuta mwalimu. Katika darasa kubwa yatosha kuwa na seti moja kwa kila watoto kumi. Mikasi ni migumu kupatikana kuliko manila.

Darasa lihesabu pia. Kila tundu laweza kuwa tupu au kujaa, kwa hiyo ubao wenye matundu manne una hali 2 × 2 × 2 × 2, yaani 16. Kati ya hizo 16, ni moja tu inayopokea muhuri. Hii ni hesabu nzuri ya kuunganisha na somo la Hisabati, na mwalimu asiipite haraka.

Kipindi cha pili kianze kwa kuleta tatizo. Mwalimu atangaze kwamba sasa fomu inahitaji habari ya tano, namba ya PReM, ile inayomfuata mtoto anapohama shule. Watoto wataona kwamba ubao wote lazima ukatwe upya na muhuri uongezwe jino. Mwandishi wa Rust hukumbwa na adha hiyo hiyo. Mjenzi wa njia ya pili akiandikwa kwa mkono, kila hatua yake hubeba orodha ya hali za matundu yote, hivyo kuongeza tundu moja ni kuzigusa hatua zote. Kazi hiyo inachosha, na anayechoka hukosea.

Hapo ndipo makro huingia. Makro ni maagizo ya kuandika programu. Mwandishi hutaja tu orodha ya sehemu za fomu na kuweka juu yake alama moja:

#[derive(Mjenzi)]
struct Mwanafunzi {
    jina: String,
    baba: String,
    jinsi: Jinsi,
    kuzaliwa: Tarehe,
}

Makro huisoma orodha hiyo na kumwandika mjenzi mzima kwa niaba yake. Uwezo wa kujitungia alama za namna hii uliingia katika Rust ya kawaida kwa toleo la 1.15, Februari 2017. Darasani, makro iwe karatasi ya maagizo: "Kwa kila jina lililo katika orodha, kata tundu lenye umbo lake peke yake, kata kadi ya kuliingia, na uongeze jino moja kwenye muhuri." Kundi moja lipewe karatasi hiyo pamoja na orodha ya mwanafunzi, lingine lipewe karatasi ile ile na orodha ya stakabadhi ya pamba: mkulima, chama cha ushirika, kilo, bei. Zitatoka mbao mbili tofauti kwa maagizo yale yale. Watoto wa Simiyu waliowahi kuiona mizani ya pamba hawahitaji maelezo zaidi.

Wanachuo wengi hudhani kwamba makro ndiyo inayokagua. Sivyo. Makro huona maneno tu. Haijui Tarehe ni nini. Ikimaliza kuandika, kompaila ndiyo inayokagua kilichoandikwa. Kwa sababu hiyo nashauri makro isitangulizwe kamwe katika kipindi cha kwanza. Mtoto ambaye hajakata manila kwa mkono wake ataikariri alama bila kujua inamwondolea kazi gani. Aidha, kompaila inapolalamika juu ya kitu kilichoandikwa na makro, maneno yake huwa magumu kusomeka, na asiyemjua mjenzi hatayaelewa.

Kwa zoezi la mwisho, mwalimu awape watoto mbao tatu. Wa kwanza hauna kadi ya baba. Wa pili una kadi zote, lakini tarehe imeandikwa 30 Februari. Wa tatu una kadi zote na tarehe ni 12 Machi, ilhali mama yao Kulwa na Doto anasema walizaliwa 21 Machi. Waulizwe ni upi utakaokataliwa na muhuri. Jibu ni wa kwanza peke yake. Ubao wa pili waweza kuzuiwa iwapo aina ya Tarehe imetungwa ikague siku za mwezi, na mtoto anayelipendekeza hilo apewe alama za ziada. Ubao wa tatu umekamilika kwa umbo kama ilivyo kamili kisarufi sentensi "kiti kimekula ugali". Hapo watoto waeleze ni nani wa kuulizwa, na aulizwe siku gani.